Kabla Hujamkataa Bi Mwanaidi

Mwanangu Neema,

Kumwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili, ukuta mmoja, ni kichekesho, najua. Lakini jana tulijaribu kwa mdomo ukaona tulikofika. Wewe ulitoa nguo zako sandukuni moja moja ukazianika kambani kana kwamba zimeroa, mimi nikatoka nje kumgombeza kuku asiye na kosa. Basi leo, wakati umekwenda Gede kusukwa, nimekaa na kalamu. Na hiyo safari ya kusukwa imenipa moyo, sikufichi. Mtu aliyekata shauri kwamba kesho haendi chuoni hakubali kuvutwa nywele mchana kutwa.

Kalamu naiweza. Shule niliishia darasa la saba, lakini daftari langu mwalimu alikuwa akiliinua juu ili darasa zima lione mwandiko. Mwandiko wako umeutoa kwangu, usidanganywe. Babako akiandika jina lake utadhani kuku amepita.

Mambo ya ndoo, neti ya mbu na kufunga mlango babako ameshakuhubiria, sitarudia. Na yule kijana aliyekupa mimba tulishamzungumza tukammaliza, simpi hata mstari wa karatasi yangu. Nina jambo moja tu. Mwanao, ambaye umempa jina langu, Mwikali, na tangu hapo hakuna mtu Dabaso ambaye sijamwambia, nataka akae na nani asubuhi nikiwa kazini, ili wewe uende Kilifi ukawe muuguzi.

Nilikwambia, "Nikienda kushona makuti, mtoto atakaa kwa Bi Mwanaidi mpaka nirudi."

Ukasema, "Kwa yule? Mama, mwanamke aliyeona sifai hata kuongozana na mwanawe njiani, leo nimpe mwanangu amlee? Afadhali nisiende."

Nikasema, "Hayo ni ya zamani."

"Ya zamani ni wewe uliyeniambia. Na tena wewe mwenyewe hukuniacha kwa mtu hata siku moja. Umejisifu hivyo maisha yangu yote. Mimi nimwache wangu ana miezi kumi, atajua mimi ni nani?"

Hapo ndipo nilipomwendea kuku. Maana katika maneno yako yote yale ulikuwa unanirudishia mambo mawili niliyokufunza mimi kwa kinywa changu, na yote mawili si ya kweli. Kaa chini usome taratibu. Usiruke mstari.

Wakati nakuzaa, babako na mimi hatukuwa tumemaliza mwaka hapa pwani. Tulikuja kutoka Kitui, yeye ameajiriwa kwenye bustani ya hoteli Watamu, analala huko huko, anakuja nyumbani Jumapili. Tulipanga chumba katika ua mmoja na Bi Mwanaidi. Yeye alikuwa ametangulia kujifungua Swaleh wiki chache kabla yangu, na upande wa nyuma alikuwa anakaa Dama, huyu huyu Dama unayemjua, wakati huo mwembamba, lakini mdomo ni ule ule.

Nilikuwa msichana mwenye kiburi, Neema. Sikuwa na kitu ila kiburi. Niliona hawa wanawake wa pwani wanasalimiana robo saa, wanashikana mikono, wanaulizana habari za mpaka mbuzi, nikasema moyoni, hawa hawana kazi. Uliponitoka pale zahanati na nikarudi nyumbani, nikakuta ua wangu umefagiliwa, maji yamo kwenye pipa, na Bi Mwanaidi ameketi mlangoni na sufuria ya uji wa pilipili manga. Dama ana mzigo wa kuni. Akaniambia Bi Mwanaidi, "Mama, ingia ulale. Huku kwetu mzazi haguswi na kazi mpaka arobaini yake. Mimi nitakukanda na kukufunga mkaja. Dama atafua."

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Asanteni, lakini msijisumbue. Kwetu Ukambani mwanamke anazaa asubuhi, jioni yuko shambani."

Uongo mtupu. Mama yangu alipozaa, shangazi zangu walihamia kwetu wakala mbuzi mzima. Lakini nilikuwa mbali na shangazi hao, na sikutaka mtu anione sina watu. Niliogopa pia. Tulikuwa tumeambiwa huko bara kwamba watu wa pwani ukila uji wao hujui umelishwa nini. Nilimwaga uji ule nyuma ya nyumba. Dama aliona. Hakusema kitu, na Dama kutosema kitu ni jambo la kuandikwa.

Mkaja wenyewe sikuukataa, maana nilitaka tumbo lirudi. Nilichokataa ni kufungwa na mtu. Mkaja, utaujua vizuri huko mnakokwenda kusomea wazazi, ni kitambaa kirefu cha kufunga tumbo la mwanamke akishajifungua, na huvutwa na mtu mwingine. Anasimama nyuma yako, anazungusha, anakaza, anakuuliza hapa vipi, unapumua, anakaza tena. Mimi nikamtuma babako anunue kitambaa Malindi. Asubuhi ya Jumatatu, yeye amesharudi Watamu, nikafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, nikafunga nyingine kiunoni, nikaanza kujizungusha mwenyewe kukielekea kitanda kama pia ya mtoto ya kuchezea. Nilijiona mwerevu kupita wanawake wote wa pwani.

Nilipokifikia kitanda, fundo lilikuwa mgongoni, mkono haufiki, na pumzi haiingii. Ningeendelea kuzunguka upande ule ule ningekufa. Nikitaka kurudi, kitambaa kimejibana kwenye mguu wa kitanda. Na wewe unalia. Nilisimama pale, mzazi wa wiki moja, nimefungwa kwenye kitanda changu mwenyewe kwa mikono yangu. Nikajikaza nisiite. Nikajikaza. Mwishowe nikaita.

Walikuja wote wawili. Dama akanitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Bi Mwanaidi, hebu njoo uone. Wa shambani jioni huyu hapa. Amejifunga kama mbuzi wa kesho."

"Nyamaza, Dama," Bi Mwanaidi akasema, lakini nilisikia sauti yake inatetemeka kwa kicheko. "Shika huku. Mama Neema, vuta pumzi kidogo kidogo. Usiogope, tunakufungua."

Nilicheka pia, mwanangu. Nilianza kwa kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na kilio kile hakikukoma. Nililia siku ile na ya pili na ya tatu. Na hapo ndipo walipojua, wao kabla yangu, kwamba nyumba ile ina tatizo kubwa kuliko mkaja.

Nitakuambia kwa sababu unakwenda kuwa muuguzi na utawaona wanawake kama mimi nilivyokuwa. Nilikuwa nakutazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake kwenye foleni ya kliniki. Mtoto mzuri, lakini si wangu. Sikulala. Nilikuwa na homa, titi moja limekuwa kama jiwe, na maziwa yakakatika. Ulikuwa unalia kwa sauti ndogo, sauti ya paka, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nawaza mahali pa kwenda nisirudi. Sikusudii kukutisha. Nataka ujue mahali tulipofika.

Bi Mwanaidi alikuinua kitandani akakutazama ulimi. Akaniambia, "Mama Neema, huyu ana njaa. Nina maziwa mimi, ya Swaleh yanamzidi. Nipe ruhusa nimnyonyeshe."

Nikasema, "Mnyonyeshe."

Hakukaa. Akaniambia, "Ngoja, usinijibu haraka. Kwetu sisi jambo hili lina uzito. Nikimnyonyesha mtoto huyu, basi ni mwanangu kama alivyo mwanao, na Swaleh ni nduguye. Hawataoana milele. Haliondoki hilo hata mkihamia Nairobi, hata tukigombana mimi na wewe. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo, kama mtu anayeulizwa kama ataongezwa chai. Nani anafikiria ndoa ya mtoto ambaye hata shingo haijakaza? Akaketi pale chini kwenye mkeka, akakupakata, ukanyamaza. Nakumbuka Dama alisema, "Alhamdulillahi," naye ni mtu wa kanisani.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ulinyonya upande mmoja na Swaleh upande wa pili. Ulilala kwake, si usiku mmoja, ni mpaka arobaini ikapita na ikapita tena. Mimi walinipeleka zahanati, Dama mkono huu na mtu mwingine mkono ule, na muuguzi wa pale, mwanamke mpole, aliniambia kuna ugonjwa wa namna hiyo unaowashika wazazi, si uchawi na si ubaya wa moyo, na unatibika. Nikapewa dawa ya homa na siku ya kurudi, nikarudi, nikasikilizwa. Nyumbani wakagawana kazi bila kukaa kikao. Mmoja ananikanda kwa maji ya moto, mwingine anafua, mwingine kazi yake ni kunitoa nje nikae juani, nikitaka nisitake. Kila asubuhi Bi Mwanaidi alikuleta, amekuogesha, akakuweka mapajani mwangu muda kidogo, akakuchukua tena. Hakuniuliza hata mara moja kama nakupenda. Alikuwa anakuleta tu, kama mtu anayemwagilia mche bila kuuchimbua kutazama mizizi.

Halafu asubuhi moja alikuleta, akanyoosha mikono kukuchukua, nikasema, "Mwache kidogo." Akaenda zake jikoni. Nikamsikia anamwambia Dama, "Weka maji ya chai. Mwenyewe amerudi."

Kwa hiyo usiniambie kwamba mimi sikukuacha. Nilikuacha, na ulipokuwa mdogo kuliko Mwikali. Mikono iliyokushika ilikuwa mizuri, ndiyo maana ulirudi kwangu, maziwa yaliporudi ukaninyonya ukanona, ukanitambua, ukawa king'ang'anizi wa leso yangu mpaka ukaingia darasa la kwanza. Mtoto hasahau mama kwa kulelewa na mama mwingine. Wewe ndiwe ushahidi wangu, na ushahidi wenyewe una alama nzuri za kwenda chuo cha uuguzi, nani atapinga?

Sasa lile la pili, ambalo linaniuma zaidi.

Nilipopona, kiburi nacho kilipona. Tulihamia huku barabarani, nikajifunza kushona makuti, na leo kutoka hapa hadi Watamu hakuna mwanamke anayeshona kuti likakaza kama langu, mvua ya masika inabisha hodi kwenye paa langu inarudi ilikotoka. Nikawa mtu. Na mtu huyo sikutaka ijulikane kwamba aliwahi kushindwa kumlea mwanawe. Nikamwendea Bi Mwanaidi nikamwomba habari ile ibaki kwetu. Akaniambia, "Mimi sitasema. Lakini siku ikilazimu, atakayesema ni wewe." Dama naye nilimwapisha, na nimeishi miaka yote hii nikiogopa harusi na matanga, mahali popote Dama anapochangamka.

Siku ikalazimu. Ulikuwa kidato cha pili, Swaleh amekuwa kijana, anakubebea mtungi wa maji kutoka bombani, na watu wana macho. Bi Mwanaidi alimwita mwanawe ndani, na kuanzia hapo Swaleh hakukubebea mtungi. Ulikuja nyumbani umevimba uso kwa kulia. Ukaniuliza, "Mama, nimewakosea nini?"

Nilikuwa na jibu mkononi, Neema. Jibu la heshima kwao na kwako. Lakini kulitoa ilikuwa lazima nitoe na mkaja, na kilio, na mtoto anayelia kama paka. Nikasema, "Achana nao. Hao ni watu wa mji. Hawataki wabara." Nilimsingizia mwanamke aliyekutia maziwa kinywani. Ukaniamini, kwa nini usiniamini? Na tangu siku hiyo Swaleh akikuita dada unampiga jicho, unadhani anakukejeli. Hakukejeli. Mamake ilimlazimu amwambie yeye ukweli jioni ile ile, akamwapisha asikwambie. Anakuita jina lako kwake.

Na yeye Bi Mwanaidi alijua nilichokuambia. Jambo kama hilo halifichiki katika mji mdogo. Alikuwa na haki ya kuja barabarani kunivua nguo kwa maneno. Hakuja. Alichofanya ni hiki, na hiki hukijui.

Ulipopata mimba ukiwa kidato cha nne, na mimi nimejifungia ndani kwa aibu kana kwamba mimba ni yangu, wanawake wa makuti walikuja. Hilo unalijua. Unajua Dama alikwenda na mimi shuleni, akamwambia mwalimu mkuu, "Huyu mtoto atafanya mtihani wake. Tumbo halishiki kalamu." Unajua baada ya kujifungua walipokezana kukuletea mtoto pale langoni wakati wa mapumziko umnyonyeshe. Ulifanya mtihani ule maziwa yameloanisha sare, na bado ukawashinda watoto waliolala usiku kucha. Mimi habari hiyo nimeitangaza mpaka mwenye duka ananikimbia.

Lakini aliyewakusanya wanawake wale siku ya kwanza hakuwa Dama. Ni Bi Mwanaidi aliyemwendea Dama akamwambia, "Mama Neema amejifungia tena. Twendeni." Ule uji wa pilipili manga uliokuwa unakunywa arobaini yako yote, ukasema, "Dama, hakuna anayepika uji kama wewe," na Dama akatabasamu kama mtu aliyemeza limau. Dama hajui kupika hata maji. Uji ulitoka kwa Bi Mwanaidi. Alipika alfajiri, akampa Dama aubebe, akamwambia, "Usitaje jina langu, hataunywa." Na hukuuliza kwa nini mikono iliyokukanda ilikuwa ya Dama lakini Dama anakwenda kila jioni mahali fulani kufundishwa pa kubonyeza.

Hili ndilo nililojifunza, na nimelipata kwa shida kwa hiyo sikupi kwa bei rahisi. Zamani nilidhani kusaidiwa kunampunguza mtu. Nilidhani ukipokea sufuria ya mtu, umempa na ufunguo wa nyumba yako. Sivyo nilivyoona. Kuna mahali mwanamke anapita katika maisha yake, akivunja ungo, akiolewa, akizaa, akifiwa, akianza upya akiwa na mtoto mgongoni, ambapo macho yake hayaoni mgongo wake mwenyewe. Mtu mwingine lazima asimame nyuma. Wenzako wakifanya hivyo hawakuoni dhaifu. Wanakuona uko njiani. Na kiburi, mwanangu, nimekiacha? Sijakiacha. Nimekihamisha tu. Zamani nilijivunia kwamba sina haja na mtu. Siku hizi najivunia watu wenyewe.

Huko Kilifi utakaa na wasichana usiowajua. Wiki za kwanza maziwa yatakujaa ukiwa darasani, yatauma, utatoa machozi mbele ya watu. Usiseme una mafua. Mwambie mmoja wao, yule utakayeona ana uso wa kusikia, kwamba una mtoto nyumbani. Utashangaa. Au atakuwa na wake, au mdogo wake anaye, au atakwenda kukutafutia maji ya moto. Na kama atakayecheka yuko, mwache acheke. Dama alinicheka nimefungwa kitandani na leo ndiye ndugu yangu. Na siku utakapovaa ile sare nyeupe, ukakuta mzazi amekaa ukingoni mwa kitanda anamtazama mtoto kama wa jirani, usimhubirie. Mwekee mtoto mapajani kidogo, halafu umwite daktari wako, halafu utafute Bi Mwanaidi wake ni nani. Kila mmoja anaye. Wengine wamemfungia mlango tu.

Najua umeudhika sasa. Unasoma unasema, mamangu ni mwongo. Sema. Sitaki uniamini haraka. Muulize babako, yuko nyuma anafunga sanduku lako kwa kamba kama ng'ombe wa kwenda mnadani, tangu jana halijui kama linakwenda au linabaki. Ndiye aliyefika nyumbani Jumapili moja akamkuta mkewe analia na mwanawe yuko kifuani kwa jirani. Alivua kofia. Atakuambia.

Asubuhi ya leo, ulipoondoka tu, nilimfunga Mwikali mgongoni nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilipiga hodi, akasema karibu, nikaingia nikamwamkia. Nikasema tu, "Namwambia Neema leo. Yote. Na nilikusingizia, Bi Mwanaidi, ulijua na ukanyamaza, naomba unisamehe."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umechukua muda."

Nikasema, "Nimechukua."

"Nilikasirika, Mama Neema, usifikiri sikukasirika. Kuna siku nilipita pale mnaposhona nikasema leo nitasema mbele ya wote. Kisha nikamwona yule mtoto anacheka na wenzake. Nikasema nikimtia aibu mamake namtia yeye." Akaweka ungo chini. "Mlete huyo mwingine nimwone."

Nikamfungua Mwikali. Unajua huyu wako hakubali mtu, akiona sura ngeni anakunja mdomo. Alimtazama Bi Mwanaidi muda mrefu, akaikamata pete yake, akajaribu kuila. Bi Mwanaidi akacheka kile kile kicheko chake cha kujizuia. Akaniambia, "Huyu ni mjukuu wangu hata kama mamake hataki. Lakini sitamchukua mamake asipotaka. Mwambie hivyo. Simlazimishi. Nimenyamaza miaka, siwezi kushindwa na asubuhi moja."

Kwa hiyo uamuzi ni wako, Neema, si wangu wala si wake. Ukisema hapana baada ya kuyajua haya, nitaacha makuti nikae na mtoto mwenyewe, tutakula tutakachopata, na utakwenda Kilifi vile vile. Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Nisichotaka ni ukatae kwa sababu ya uongo wangu.

Kesho mimi na Mwikali tutatangulia. Tutakuwa barazani kwa Bi Mwanaidi tangu alfajiri, na babako atakusubiri na sanduku kule steji. Ukitaka kwenda moja kwa moja, nipigie simu nitakuletea mtoto steji umnyonyeshe mara ya mwisho kabla ya gari, na sitakuuliza neno. Ukitaka kupita pale kwake, pita. Umnyonyeshe ukiwa umekaa kwenye mkeka wake. Huhitaji kutoa hotuba. Piga hodi, mwamkie, kaa.

Mimi nimemwambia apike vitumbua vya kutosha na vya wewe kubeba. Akaniuliza, "Kwani amekubali?" Nikamwambia, "Bado hajasoma barua, lakini mwanangu namjua, nimemzaa mimi." Akanitazama. Nikaongeza, "Na wewe umemnyonyesha. Tunamjua sote."

Akaenda kuloweka mchele.

Mamako anayekupenda na anayejivuna kwa ajili yako kila anapofungua mdomo,

Mwikali mkubwa.